Durable, na Tangi la Sherikat

Juzi nilipita Hai Mauna, hapa Juba, nikaona bango jipya juu ya duka la mikate, linang'aa, limechapwa kwa mashine: FRESH AND DURABLE BREAD. Nilisimama katikati ya njia mpaka mtu wa bodaboda akanipigia honi. Nikasoma tena. Mkate durable, wa kudumu miaka. Nimeandika mabango kwa mkono tangu sijaota ndevu, nimeona mengi, lakini ule mkate ulinitoa jasho. Niliingia nikamuuliza mwenye duka, mama mmoja mcheshi wa Arua, kama mkate wake ukidondoka unavunja sakafu. Alicheka, akasema vijana wa mashine ndio waliomwambia kwamba neno hilo linavuta wateja.

Basi ni nyinyi vijana wa mashine ninaowaandikia. Sina kinyongo. Macho yangu yameingia ukungu na mkono unatetemeka, na hata ningekuwa mzima nisingeshindana na mtu anayechapa bango wakati mteja anamalizia soda yake. Ila mashine haimuulizi mteja kitu. Brashi ilikuwa inauliza, maana ilikwenda polepole, na mtu akikusimamia hapo nyuma mnazungumza tu. Kaeni niwape habari za hilo neno moja. Nusura liue watu mbele ya macho yangu, na mpaka leo nikilisoma mahali nasimama.

Kazi nilifunzwa Kitale, kule Kenya, nilikokimbilia wakati wa vita nikiwa kijana baada ya kupita Uganda. Aliyenifunza aliitwa Wekesa. Sote tulimwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki maishani mwake. Alikuwa mfupi, mkali, na koti lake moja lilikuwa na madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa Kitale. Kabla ya kunifunza herufi alinifunza habari za rangi nyekundu. Kila mwenye duka anataka lile neno lake tamu liandikwe kwa nyekundu, na nyekundu ndiyo rangi inayokufa kwanza juani. Pita baada ya muda utakuta jina la duka lipo, namba ya simu ipo, na pale palipoandikwa DURABLE pamebaki kitu cha waridi ambacho ukikodoa macho utakisoma. Mwalimu alikuwa akiyaona hayo anacheka peke yake barabarani mpaka watu wanageuka.

Siku moja mwenye duka la magodoro alituita tumwandikie DURABLE MATTRESSES. Mwalimu akamwambia, "Nionyeshe la zamani."

"La zamani lipi? Hapa yote ni mapya."

"Ndiyo maana siwezi kuandika. Nionyeshe uliloliuza kitambo, limelaliwa na watu."

Yule bwana akakasirika. Akasema kama Mwalimu hamwamini, alilale godoro mwenyewe. Mwalimu hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Alivua viatu, akajinyoosha katikati ya duka, akakoroma mpaka mchana, wateja wanamzunguka kama meza. Alipoamka alijikuna shavu, akaniambia, "Andika SOFT." Nikaandika SOFT.

Njiani kurudi alinieleza. Soft mgongo wako unaijua leo hii. Strong unaijua leo hii, unakipiga kitu teke kinasimama. Durable leo huijui. Hiyo inaulizwa baadaye, kitu kikiwa kimeshanyeshewa, kimepigwa jua, kimekaliwa na watoto, kimebebwa juu ya lori, na bado kinafanya kazi ileile kilichonunuliwa kufanya. Kwa hiyo anayetaka neno hilo akuonyeshe ndugu mkubwa wa kile anachouza. Na ukionyeshwa usiangalie tumbo. Kiti kiangalie mguu unapogusa sakafu. Kiatu kiangalie kinapokunjika. Sanduku la bati liangalie kwenye pembe. Huko ndiko kitu kinakofia.

Niliporudi Juba nilikuja na hilo swali, na lilinigombanisha na watu wengi. Liliniletea vichekesho pia. Akina mama wa kanisa moja walitaka bango la kumuaga mchungaji wao aliyestaafu, na walikuwa wamekubaliana liandikwe OUR DURABLE PASTOR. Niliwaambia polepole kwamba neno hilo ni la vitu, la viatu na maturubai, na mtu hasemwi hivyo labda unamtania. Mkubwa wao akafikiri kidogo, akasema mchungaji amenyeshewa, amepigwa jua, amebebwa juu ya lori akikimbia, na bado anahubiri. Tuliandika FAITHFUL, lakini nilitoka pale nikiwa na mashaka.

Kule Thongpiny nako kwenye ofisi za misaada walinipa vibao vya kuandika durable solutions. Maana yake mtu aliyekimbia arudi kwao, akae, asikimbie tena. Kiingereza chake ni sahihi kabisa. Mimi nimekimbia, nikarudi, nikakimbia tena, na vibao hivyo nikaviandika. Solution ya zamani sijaonyeshwa bado.

Sasa nifike kwenye tangi.

Hai Mauna kulikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma, Mganda wa upande wa Arua, jina lake Adriko. Kijana mwenye mabega, mchapakazi, kazi yake kubwa ikiwa stendi za matangi ya maji, ile minara ya chuma inayobeba matangi meusi ya plastiki. Mnajua Juba. Maji yanaletwa na lori, yanapandishwa kwenye tangi, na kila ua lina mnara wake. Adriko aliniita nimwandikie ukutani kwa karakana yake DURABLE TANK STANDS, kwa nyekundu bila shaka.

"Nionyeshe ya zamani," nikamwambia.

Wengine wakisikia hivyo wananuna. Adriko alifurahi. "Mzee, twende sasa hivi. Ile yangu ya kwanza iko Sherikat, bado imesimama. Utaona na macho yako." Alichukua nyundo yake kwa mazoea tu, tukapanda boda wawili nyuma ya dereva, tukaenda.

Stendi ilikuwa nje ya nyumba ndogo ya wageni, karibu na barabara ya daraja. Mwenye nyumba alikuwa amesafiri Nimule. Miguu minne ya bomba la chuma, imesimikwa kwenye zege, imepakwa kijani mpaka inapendeza. Juu yake tangi jeusi kubwa kama chumba cha kulala, na kwenye tumbo la tangi kiwanda kilikuwa kimeliandika neno lenyewe, DURABLE, herufi zimetokeza. Lori lilikuwa limelijaza asubuhi ileile.

Na chini yake, kwenye kivuli, kulikuwa na watu. Mama Kiden ndipo alipouzia chai. Mwanamke mkubwa, mpole, kanuni yake, lile jiko la mkaa, katikati, birika juu, vigoda vimepangwa kuzunguka miguu minne, wapakiaji wa malori na watu wa boda wanakunywa chai na mandazi. Aliponiona akanikaribisha. Ananiita Ustaz, yaani mwalimu, tangu nilipomwandikia kibao chake kidogo. Adriko alishika mguu mmoja wa stendi akaupigapiga kwa kiganja. "Hii ndiyo mtoto yangu ya kwanza hapa Juba," akasema, na wanywaji chai wakampongeza.

Nilikaribia kukubali, nawaambia ukweli. Ilikuwa nzuri. Kisha nikapiga magoti nikaomba nyundo. Mguu wa kwanza niligonga chini kabisa, pale bomba linapoingia kwenye zege, ukalia vizuri. Wa pili ukalia. Wa tatu ulikuwa upande ambao Mama Kiden alimwagia maji ya kusuuzia vikombe, kila siku, miaka yote aliyokaa pale. Niligonga, haukulia. Ulitoa sauti ya kitu kilichojaa matope. Nikagonga tena kidogo tu, na nyundo ikazama ndani kama nimegonga andazi.

Rangi ya kijani ilipasuka, ukatoka unga wa kahawia. Nilitazama bila kuelewa. Adriko aliinama, akaingiza kidole kwenye tundu, kikaingia chote. Uso wake ulibadilika mpaka nikamwogopa.

"Mzee," akasema kwa sauti ndogo, "ndani hakuna kitu."

Wa nne ulikuwa vilevile. Tangi limejaa juu ya vichwa vya watu, na upande mzima ulisimama kwa rangi na mazoea. Nilimwambia Mama Kiden awaondoe watu wake mara moja.

"Ustaz, mimi iko hapa miaka mingi," akanijibu, anamimina. "Wewe nakuja leo na nyundo, nataka mimi toka? Watu yangu nakunywa chai. Hii tangi hapana anguka. Soma wewe mwenyewe, iko andikwa. Mtoto yangu alisoma kwa mimi: durable. Alisema ni kitu hapana kufa haraka."

Wanywaji chai walicheka. Mpakiaji mmoja akasema mzee huyu anataka kivuli chetu.

Hapo Adriko akafanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye hofu angefanya. Alifikiri, uzito ni maji, tumwage maji. Akafungua koki ya chini kabisa, yote.

Mnaojua bei ya maji hapa mmeshajua kilichotokea. Maji safi yakamwagika ardhini, bure, mchana kweupe. Sijui nani aliita nani. Nilipogeuka kulikuwa na mitungi, mabeseni, ndoo za rangi, akina mama wanakimbia wakishika vitenge vyao, madereva wanashuka na chupa, na wote wanaingia chini ya tangi. Chini ya tangi lenyewe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilimshika mmoja mkono, akadhani ninagombania foleni, akanisukuma. Mtu mwingine aliegemeza baiskeli yake kwenye mguu wa tatu. Nilitaka kufumba macho na nikashindwa.

Kisha chuma kikatoa sauti. Haikuwa kubwa. Katika kelele zile sidhani wengi waliisikia, lakini Mama Kiden alikuwa ameacha kumimina, birika mkononi. Aliinua uso akatazama juu.

"Hii sauti mimi hapana jua," akasema.

Miaka yote aliyokaa pale alikuwa akijua jinsi stendi ile inavyolia wakati wa joto, wakati wa upepo, wakati lori linajaza. Nyundo yangu hakuiamini. Masikio yake aliyaamini palepale. Aliweka birika chini. Ukutani kulikuwa na mpira wa maji umekunjwa, wa kuoshea magari ya wageni. Aliuchukua, akajipenyeza kati ya watu, akauchomeka kwenye koki kwa nguvu, kisha akaubana kwapani na kuanza kwenda. Mwanamke yule mnene alivuka barabara anavuta mpira mpaka ukafika mwisho wake, gari zinamsimamia, maji yanaruka mbele yake, na yeye anayaita maji kwa Kiarabu chake, "Moya iko huku, watu yangu. Moya yote iko huku."

Na watu wakafuata maji. Walitoka chini ya tangi kwa wingi uleule walioingia nao, hata mwenye baiskeli, hata wanywaji chai wakiwa na vikombe. Nilikuwa nimewaita kwa akili na kwa jina la Mungu, hawakusikia.

Kivuli kilibaki kitupu, isipokuwa kanuni, vigoda na lile birika. Mama Kiden akamkabidhi mtu mpira, akaanza kurudi. Nilimshika nguo.

"Mama, acha."

"Birika ni ya mama yangu, Ustaz. Mimi nabeba kutoka kambi."

Alinizidi nguvu, alikuwa anateleza mikononi mwangu. Adriko alitupita wote wawili. Aliingia chini ya stendi yake mwenyewe ameinama, akalinyakua birika likiwa na chai yake, akatoka upande wa pili. Hakuwa amefika barabarani mguu wa tatu ulipopiga goti. Ulikunjika polepole, kisha wa nne ukaufuata, na tangi likaja chini pale penye vigoda. Ardhi ilitikisika. Vumbi lilipotulia vigoda vilikuwa vijiti vya kuwashia moto na kanuni imebonyea kama sahani.

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyekwaruzwa. Tangi liliviringika mpaka ukutani likakaa pale, halina ufa. Adriko alikuwa ameketi chini, amelikumbatia birika, na chai ya moto inamwagikia suruali bila yeye kuhisi. Tulimtoa birika mikononi kwa kumbembeleza.

Mama Kiden alisimama mbele ya lile tangi, akatazama herufi zilizotokeza. "Ustaz," akaniuliza, "hiyo neno nasema nini hasa?"

Nilimwambia linasema tangi linadumu. Kiwanda kilichotengeneza tangi kiliandika habari za tangi.

"Na miguu?"

"Miguu hakuna aliyeiandika, Mama."

Akatikisa kichwa. "Mimi nakaa kwa miguu," akasema.

Jioni hiyohiyo Adriko alinishika mkono kwa nguvu akaniambia stendi alizojenga Juba ni nyingi, na nyingine ziko juu ya watu. Hakurudi karakana kwanza. Tulizizunguka siku zilizofuata, yeye na nyundo, mimi na masikio yangu mabovu. Nyingi zilikuwa salama. Moja ilikuwa uani kwa shule ya chekechea, na mwalimu mkuu alitupokea kwa tabasamu akatuambia darasa la wadogo kabisa huimbia pale chini kwa sababu kuna ubaridi. Adriko akapiga magoti palepale, akaanza kugonga. Mguu mmoja ulikuwa umeanza kuliwa na kutu. Safari hii tulifunga mpira mrefu kwanza, tukapeleka maji mbali mpaka barabarani, ndipo tukafungua koki, na watoto walikuwa wameshaondolewa.

Neno lake la ukutani hakulitaka tena. Alinipa kazi nyingine, na ndiyo ya mwisho niliyofanya kwa brashi kabla macho hayajanikatalia. Kwenye kila stendi yake, chini kabisa, pale mtu hawezi kusoma mpaka ainame, niliandika kwa nyeusi: GONGA HAPA. Pembeni nikaandika kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na chini yake namba ya simu ya Adriko. Zege siku hizi analimwaga likiwa na mteremko ili maji yasitulie, na bomba analiziba juu lisinywe mvua. Hayo nayo mkayashike, hata kama kazi yenu ni kuchapa tu.

Stendi ya Sherikat ilijengwa upya, na Mama Kiden alirudi chini yake. Nilipomkuta ameketi palepale nilishtuka kuliko siku ile tangi lilipoanguka. Nilimuuliza kama ana akili.

"Kivuli ingine mafi, Ustaz, hapana iko," akasema. "Nikaye wapi? Kwa jua?"

Lakini kila asubuhi, kabla ya kuwasha mkaa, anageuza kijiko chake kirefu, anagonga miguu yote minne kwa mpini, anasikiliza. Maji ya vikombe anamwaga barabarani.

Wiki iliyopita, mvua ikiwa imeshika, alinipigia simu.

"Ustaz, mguu ya nyuma naongea vibaya."

Nilikuwa nakunywa uji, kijiko kikanidondoka. Nikamuuliza watu wako wapi.

"Watu mimi natoa wote. Iko ng'ambo ya barabara, na chai yao."

Adriko alifika kabla yangu. Aligonga pale nilipoandika, akagonga tena, akaweka sikio kwenye chuma. Akaniambia hasikii tatizo lolote. Nami sikusikia. Mama Kiden alisimama kando, mikono kiunoni. Adriko alimtazama, kisha akafunga mpira, akamwaga tangi lote, akasimamisha nguzo za muda, akaukata ule mguu wa nyuma, uliokuwa unalia vizuri kwa masikio yetu. Aliupasua kwa urefu pale barabarani. Ndani, mahali pasipoonekana, kutu ilikuwa imeanza, ndogo kama ukucha.

Alimpelekea kile kipande akakishike. Mama Kiden alikigeuza, akakirudisha, akauliza mguu mpya utakuwa tayari saa ngapi, maana chai ya watu inapoa.